KITABU CHA MFUKONI
(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa reli katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya kitabu kidogo cha mfukoni, cha kuandikia kazi unazopewa. Najua wengine wamecheka. Wanasema kuandika ni kazi ya karani, na fundi ana kichwa chake. Nami nawauliza: tangu lini reli ikategemea kichwa? Tangu siku za injini za moshi stesheni masta alikuwa na daftari mezani, na kila treni iliyofika au kuondoka aliiandika saa ile ile, wala si jioni. Hakufanya hivyo kwa kuwa ni msahaulifu. Alijua kwamba treni mbili zikikutana uso kwa uso katika njia moja, neno "nilidhani" halimfufui mtu.

Lakini sisi wa karakana na wa njiani tunapewa kazi kwa mdomo. Asubuhi msimamizi anapita, anasema kaza hiki, badili kile, na kabla hujamaliza anakuja mwingine na jambo lake. Kufika saa ya chakula umepewa mambo sita na watu watatu. Moja likisahauliwa, hakuna atakayeuliza nani alikuvuta huku na huku. Litaulizwa jina lako tu.

Iko habari ya mwenzetu mmoja. Jina lake na mahali sitataja. Alikuwa akifunga breki chini ya mabehewa mawili. La kwanza alimaliza. La pili zilibaki nati 4 hazijakazwa, ndipo akaitwa kwenda kwenye pampu ya maji iliyoharibika. Pampu ikamshika mpaka mwisho wa zamu. Akatoa kitabu chake, akasoma alichoandika kabla ya kuondoka pale, akamwonyesha mwenzake wa zamu ya jioni, naye akazikaza nati zile kabla behewa halijatoka. Hiyo ndiyo faida ya kwanza, nami naiona kubwa kuliko zote. Watu walifika kwao salama, wala hawajui.

Faida ya pili ilikuja baada ya siku 9. Aliitwa ofisini, akaambiwa kwamba siku ile aliacha kazi bila ruhusa. Aliyemtuma kwenye pampu akasema hakumbuki. Mwenzetu akafungua ukurasa. Tarehe ipo, namba ya behewa ipo, na maneno haya: "Nati 4 bado. Nimeitwa pampu 14.30," na jina la aliyemwita. Chini yake: "Nimemwambia wa jioni 16.00." Shauri likaisha kabla chai haijapoa.

Tazameni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke kumbukumbu za wafanyakazi wake, kwa hiyo yeye akija mezani anakuja na karatasi. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba kabla ya kukuachisha kazi kwa kosa au kwa kazi mbaya, lazima akueleze sababu kwa lugha unayoifahamu, nawe una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mjumbe wa chama pale. Vema. Lakini mjumbe atakusemea nini, ikiwa wewe mwenyewe huna neno ila "sikumbuki vizuri"? Hata kortini, Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, humruhusu shahidi kujikumbusha kwa maandishi aliyoandika mwenyewe wakati wa jambo lile au mara baada yake. Shikeni hapo: wakati wa jambo lile. Kitabu kilichoandikwa chote kwa usiku mmoja si kitu.

Basi kinunuliwe kidogo, kiingie mfuko wa shati, na karatasi zake ziwe zimeshonwa. Tia namba kurasa zote kabla ya kuanza, mtu asije akasema umechana moja. Andika kwa biki, maana penseli hufutika. Kila asubuhi tarehe. Kila kazi mstari wake: kazi gani, nani kasema, saa ngapi. Ikiisha ipige mstari mmoja, isomeke bado. Isiyokwisha ihamishe ukurasa wa kesho. Ikihamishwa mara tano kwa sababu vipuri havikuletwa, hilo ni jambo la mjumbe kupeleka kwa wakubwa.

Juu ya saa nina neno. Sisi tunasema saa mbili, ofisi inaandika 8. Nimeona watu wakigombana kumbe wanasema kitu kimoja. Andika saa ya reli, 08.00 au 20.00, basi.

Wako wanaosema simu inatosha. Inatosha kwa mwenye mikono safi. Wenye grisi mpaka kiwikoni tunajuana. Asiyejua kuandika sana na aweke namba na alama zake, mradi azielewe. Wala usiandike humo masengenyo ya msimamizi, maana siku ya kukisoma kitasomwa chote.

Kikijaa, andika juu ya jalada tarehe ya kwanza na ya mwisho, ukiweke nyumbani, mama watoto asikiwashie jiko. Madai mengi chini ya Sheria ya Ajira yana muda wa miaka 3. Usikiache katika sanduku lako la kazini. Mtu akifukuzwa leo, kesho askari wa lango hamruhusu kuingia, na kitabu kitabaki ndani pamoja na spana zake.