Kichwa Hakipimi: Kupachika na Kuunganisha Rejista ya Kielektroniki kwenye Mita ya Boza la Mafuta

Mwenyekiti, mafundi wenzangu, na ninyi wakaguzi wa vipimo mliokaa kule nyuma kana kwamba mmekuja kutukamata,

Nimepewa muda nizungumzie kazi ambayo wengi wenu mmeshaifanya kwa mikono yenu: kung'oa kaunta ya zamani ya magurudumu ya namba juu ya mita ya boza, na kuweka mahali pake rejista ya kielektroniki. Sitaanza na mchoro wa nyaya. Nitaanza na dereva mmoja aliyekaribia kufukuzwa kazi.

Boza lake lilikuwa la dizeli. Kila aliposhusha mafuta, rejista ilionyesha lita nyingi kuliko zilizoonekana kwenye kijiti cha kupimia tangi la mteja. Tofauti ilikuwa ya lita chache tu, lakini ilijirudia kila safari, na siku zote upande uleule. Wateja walilalamika, ofisi ikaamini mashine, mchawi akatafutwa. Nani tena zaidi ya dereva? Mimi niliitwa nithibitishe kwamba rejista ni nzima, ili barua yake iandikwe.

Rejista ilikuwa nzima kweli. Nilifungua mauzo mapya, pampu imezimwa, bomba limefungwa, hakuna tone linalotembea. Skrini ikasoma 0.0. Nikamwomba dereva aingie kwenye kebini aiite ofisi kwa redio ya upepo, kama alivyoagizwa kufanya kila anaposhusha. Alipobonyeza kitufe, skrini ikasoma 0.4. Akaachia, akabonyeza tena: 0.7. Kumbe kila alipomjulisha bosi wake kwamba mafuta yanashuka salama, alikuwa anajiongezea deni.

Nitarudi kwenye waya ulioleta hayo. Kwanza tukubaliane juu ya kitu tunachokifunga.

Mita za maboza mengi ya kwetu ni zile za kuchota: ndani yake rota huchukua ujazo uleule kila zinapozunguka, na mzunguko huo unapanda kwa gia hadi kwenye shafti ndogo inayochomoza juu. Kupima kumeishia hapo. Kilicho juu ya shafti, kiwe kaunta ya Veeder-Root ya enzi za baba zetu au skrini yenye taa, kinahesabu tu. Kaunta ya chuma ilikuwa na fadhila moja kubwa: haikuweza kuhesabu kitu kisichozunguka. Ikichakaa ilikwama au ilisaga meno, nawe uliisikia. Rejista ya kielektroniki haioni shafti. Inaona volti zinazopanda na kushuka kwenye waya, na inaamini kwamba hayo ni mafuta. Kwa hiyo fundi anayevuta waya ule ndiye anayeamua rejista iambiwe nini.

Sasa kazi yenyewe. Kung'oa kaunta ni kukata lakiri, na lakiri si yako wala ya mwenye gari. Hapa Tanzania ni ya Wakala wa Vipimo, chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340. Toa taarifa kabla hujashika spana. Soma jumla kuu kwenye kaunta ya zamani, iandike, ipige picha, mwenye gari aione. Nimeshuhudia ugomvi wa wiki nzima uliotokana na namba ambayo hakuna aliyeiandika, na kaunta yenyewe ilikuwa imeshauzwa kwa kilo.

Funga valvu, ondoa presha kwenye laini, kisha fungua bolti nne za kaunta. Chini yake utakuta kirekebishi, kile kigia chenye gurudumu la alama ambacho tulikuwa tunakizungusha ili kaunta ikubaliane na kipimo cha serikali. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunaacha kirekebishi mahali pake, tunafunga pulsa juu yake, yaani kile kifaa kinachogeuza mzunguko wa shafti kuwa mipigo ya umeme, halafu tunaweka kizidishi, yaani idadi ya mipigo kwa lita, kwenye rejista. Gari linatoka na marekebisho mawili yaliyofuatana, moja la chuma na moja la programu, na la chuma linaweza kusogezwa na yeyote mwenye bisibisi. Kitoe kirekebishi kabisa. Kama mtengenezaji wa mita hakupi njia ya kukitoa, kifunge kisizunguke na ukiache mahali ambapo lakiri itakifunika.

Kikishatoka, kagua pakingi ya shafti. Ikiwa inavuja hata kwa jasho tu, ibadilishe sasa hivi, maana dizeli ikipanda kwenye pulsa italowanisha fani na kuingia kwenye kebo. Kisha pachika pulsa. Muungano wake na shafti kwa kawaida ni uma na pini. Pini iingie kwenye uma bila kusukuma chini; acha nafasi ndogo ya juu na chini, kiasi cha kuihisi kwa kidole. Ukiikandamiza, fani ya pulsa inabeba uzito usio wake na itakufa mapema. Ukiacha uma mpana kuliko pini, shafti itacheza kila pampu inapoanza na kusimama. Funga bolti kwa zamu, za mshazari kwanza, kisha izungushe shafti kwa mkono mzunguko mzima. Kama kuna sehemu inakaza, hujamaliza.

Nyaya za pulsa kwa kawaida ni nne: chanya, hasi, mpigo A na mpigo B, zikiwa ndani ya ngao ya matundu au ya karatasi ya alumini. Rangi zake msizikariri. Nimeona nyeupe ikiwa A kwa mtengenezaji mmoja na hasi kwa mwingine, na kihisi kikishaungua hakirudi. Soma mchoro uliokuja na pulsa ile, si wa ile uliyofunga mwezi uliopita.

Kwa nini mipigo miwili wakati mmoja ungetosha kuhesabu? Kwa sababu wa pili ni shahidi. B umechelewa robo ya mzunguko nyuma ya A. Mafuta yanapotembea, A unapanda, B unafuata, A unashuka, B unafuata. Mafuta yakirudi nyuma, B unatangulia, na rejista inajua. Kelele ya umeme haina nidhamu hiyo. Inaruka kwenye A peke yake, au kwenye yote miwili kwa pamoja, na rejista iliyowekwa kusoma mashahidi wawili inaikataa au inaonyesha hitilafu.

Ndiyo siri ya boza la yule dereva. Waya wa B ulikuwa umekwanguliwa kwenye mdomo wa boksi hadi ukakatika. Fundi aliyenitangulia aliona hitilafu kwenye skrini, gari linasubiriwa getini, akaingia kwenye mipangilio na kuiambia rejista isome mpigo mmoja tu. Hitilafu ikapotea, kila mtu akafurahi. Kebo yenyewe ilikuwa imepitishwa kwenye bomba moja na waya wa redio na nyaya za koili ya valvu, na ngao yake ilikuwa imekatwa pande zote mbili, haijashikwa popote. Hapo mlikuwa na antena ndefu inayoelekea kwenye mashine ya kuandika ankara.

Tulivuta kebo mpya kwa njia yake peke yake. Ngao tuliishika kwenye upande wa rejista tu; upande wa pulsa tuliikata fupi na kuifunika isiguse chuma. Ukishika ngao pande zote mbili kwenye bodi la gari, umetengeneza njia ya mkondo kati ya nukta mbili ambazo kamwe hazina volti sawasawa, hasa pampu inapofanya kazi. Ukiiacha bila kuishika popote, haikingi chochote. Kisha tukarudisha mipigo miwili. Dereva alibonyeza redio mara nyingi kiasi kwamba mtu wa ofisini aliuliza kama tumechanganyikiwa. Skrini haikutoka kwenye 0.0. Mkaguzi alikuja kuhakiki na kuweka lakiri upya, na barua haikuandikwa.

Kabla ya kufunika boksi, jaribu kwa multimeta. Weka kwenye volti za mkondo mnyoofu, ncha nyeusi kwenye hasi ya pulsa, nyekundu kwenye A, zungusha shafti polepole. Usomaji uruke kati ya karibu sifuri na karibu volti ya chanzo. Rudia kwa B. Ukiukuta umesimama bila kuruka, mara nyingi pulsa ni ya aina inayovuta chini tu, na rejista haijawekewa rezista ya kuvuta juu, au imezimwa kwenye mipangilio. Rejista ikihesabu kinyume, badilisha nafasi za A na B, basi. Usiguse chanya na hasi.

Umeme. Malori mengi yanatumia volti 24, lakini pima, usikisie. Chukua umeme karibu na betri, fyuzi iwe karibu na betri pia, siyo kwenye rejista, kwa sababu fyuzi inalinda waya wote uliopo mbele yake. Msiibe umeme kwenye taa za breki wala kwenye redio ya muziki. Koili ya valvu iwekewe dayodi, kwani inapozimwa inarudisha pigo la volti linaloweza kuua utoaji wa rejista, au likaishia kuwa lita. Na jambo ambalo haliandikwi kwenye vitabu vingi: maboza yetu hayakauki kulehemewa. Leo madigadi, kesho ngazi. Mwambie mwenye gari, tena kwa maandishi, kwamba rejista ichomolewe kabla mchomeleaji hajawasha mashine.

Juu ya mlipuko nitasema machache, lakini nayasema kwa ukali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa na kukaa kwenye makabati ya pampu. Boksi la rejista la aina ya kuzuia moto halizuii mvuke kuingia. Linazuia moto ukiwaka ndani usitoke nje. Kinachofanya kazi hiyo ni nyuso mbili za chuma zilizosuguliwa kwa usahihi. Ukizikwaruza kwa bisibisi, ukazipaka silikoni, au ukaacha bolti moja kati ya nane, boksi limebaki kuwa kopo zito. Kebo iingie kwa glandi yenye cheti inayolingana na unene wake, na tundu lisilotumika lizibwe kwa plagi yenye cheti. Nimekuta tundu limezibwa kwa gunzi la hindi. Sitanii.

Sasa kuhakiki. Tuseme pulsa inatoa mipigo 200 kwa mzunguko, na mzunguko mmoja ni lita 10. Kizidishi cha kuanzia ni mipigo 20 kwa lita. Loanisha tangi la kipimo kwanza, limwage, liache lichuruzike kwa sekunde zilizoandikwa juu yake. Hakikisha kitoa hewa kinafanya kazi, maana rota hazitofautishi hewa na dizeli. Kisha mwaga hadi tangi lisome lita 1,000. Skrini inasoma 996. Rejista imepokea mipigo 996 mara 20, yaani 19,920, na lita za kweli ni 1,000. Kizidishi kipya ni 19.92. Ukichanganya upande ukaandika 20.08, jaribio la pili litasoma 992; kosa limekuwa maradufu, nawe utaanza kuilaumu mita. Kwa mita za namna hii pendekezo la kimataifa, OIML R 117, linaruhusu kosa la asilimia 0.5 kwa mfumo mzima, yaani lita 5 kwa 1,000. Zile 4 za mwanzo zingepita. Msiziache zipite. Na jaribuni kwa kasi kubwa na kwa kasi ndogo, kwa sababu mafuta yakienda polepole mengine huteleza pembeni mwa rota bila kuhesabiwa.

Swali la joto huulizwa kila semina, kwa hiyo nalitangulia. Dizeli hupanuka karibu asilimia 0.083 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Lita 10,000 zilizopakiwa Dar es Salaam zikiwa na nyuzi 32, zikipimwa Makambako zikiwa zimepoa hadi 18, zitakuwa pungufu kwa takriban lita 116, bila mtu kufungua hata kizibo. Rejista nyingi zina kihisi cha joto na zinaweza kugeuza ujazo uwe wa nyuzi za rejea. Usiwashe kipengele hicho kwa sababu tu kipo. Kiwashwe pale muuzaji na mnunuzi wamekubaliana hivyo kisheria, na risiti iseme kwamba lita hizo zimerekebishwa. Vinginevyo umempa mteja namba isiyolingana na kijiti chake, na tumerudi kwa yule dereva.

Mkimaliza, swichi ya mipangilio ifungwe chini ya lakiri, na mchoro wa nyaya, wenye rangi mlizotumia kweli na kizidishi mlichoacha, uwekwe ndani ya kabati la pampu kwenye mfuko wa plastiki. Mwandikieni fundi atakayefungua miaka mitatu ijayo saa nane usiku pembeni mwa barabara.

Kwenye meza ile nimeweka pulsa mbili na rejista moja. Pulsa moja ina waya wa B uliokatika ndani ya kebo, nje hauonekani. Redio ya upepo ipo hapo pembeni. Baada ya chai nendeni wawili wawili, mniambie ni ipi.