Somo la Radio: Mtoto Aliyepanga ni Amana

Wazee wangu, akina mama na akina baba mliokusanyika katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya Ngara na Biharamulo, natumaini mmeketi vizuri, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika maneno haya manne ubaoni: kodi, mkataba, stakabadhi, amana. Haya ndiyo maneno ya somo la leo. Mwisho wa somo kila mmoja aweze kuyasoma na kuyaandika bila kusaidiwa.

Somo letu ni juu ya kupangisha nyumba chumba kwa chumba kwa wanafunzi. Baadhi yenu ni wenye nyumba. Wengine ni wazazi, na watoto wenu wamepanga mbali na kwenu. Somo hili ni la nyote wawili.

Kwanza tujiulize, jambo hili limetoka wapi? Zamani shule za sekondari zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa za bweni. Mwaka 2004 Serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na wananchi wakajenga shule katika kata zao. Tangu Januari 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa mpaka kidato cha sita. Wanafunzi wakaongezeka sana. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini shule nyingi za kata ni za kutwa, na kata zetu ni pana. Mtoto wa Ngara hushuka bonde na kupanda kilima kabla hajaliona bati la shule. Mtoto wa Biharamulo naye huenda akatembea kilomita saba au nane kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Basi mzazi humtafutia chumba karibu na shule. Vijana wenyewe huviita vyumba hivyo mageto.

Sasa sikilizeni vizuri. Mtu akipanga chumba chako, wewe wamdai kodi, naye akudai chumba. Lakini mwanafunzi si kama mpangaji mwingine. Kwa sheria ya nchi yetu, mtu aliye chini ya miaka 18 hawezi kufunga mkataba. Kwa hiyo mpangaji wako si mtoto yule aliyekuja na godoro kichwani. Mpangaji wako ni mzazi wake. Mtoto mwenyewe ni amana. Amana ni kitu cha mwenzio ulichopewa ukitunze, nawe utakirudisha kama ulivyokipokea. Kodi ni ya chumba, lakini mtoto ni amana. Mwalimu, andika maneno hayo ubaoni, na darasa liyasome kwa sauti.

Tuje kwenye hesabu. Tuseme mama mmoja ana nyumba ya vyumba vinne. Yeye na wanawe wanakaa katika kimoja, na vitatu anavipangisha kwa wanafunzi. Kila chumba ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa mwezi atapata ngapi? Ni 15,000 mara 3, yaani shilingi 45,000. Je, mwaka mzima ni miezi 12? Hapana. Wakati wa likizo wanafunzi hurudi kwao, na wazazi wengi hawalipi chumba kitupu. Tuhesabu miezi 10. Kwa hiyo 45,000 mara 10 ni shilingi 450,000.

Mama huyu akifurahi na kuzitumia zote, atakuwa amejidanganya. Chumba cha mwanafunzi kina gharama. Alinunua kufuli tatu kwa shilingi 8,000 kila moja, jumla 24,000. Alitengeneza madirisha matatu kwa shilingi 20,000 kila moja, jumla 60,000. Choo alikijenga upya na kukitia mlango kwa shilingi 96,000. Jumlisheni: 24,000 na 60,000 na 96,000. Mmepata ngapi? Ni shilingi 180,000. Toeni katika 450,000. Zimebaki shilingi 270,000. Hiyo ndiyo faida yake. Mkiigawa kwa miezi 12, ni shilingi 22,500 kwa mwezi. Si haba, lakini si zile 45,000 alizozidhania. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tutazame mkataba. Mkataba si lazima uwe na maneno magumu. Huu hapa ni mfano. Mwalimu ausome polepole, na wanafunzi wafuate kwa kidole:

“Mimi, mwenye nyumba, nimempangisha mzazi wa mwanafunzi chumba kimoja. Kodi ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Mzazi amelipa miezi mitatu, yaani shilingi 45,000. Mwanafunzi atakaa na ndugu yake mmoja tu. Mgeni wa usiku haruhusiwi. Kodi ikichelewa, mwenye nyumba atamwita mzazi, hatamtoa mtoto nje. Anayetaka kuvunja mkataba atatoa habari mwezi mmoja mbele.”

Chini yake andikeni majina ya mwenye nyumba, mzazi na mwanafunzi, jina la kijiji cha mzazi, namba za simu, na tarehe. Mwenyekiti wa kitongoji atie sahihi kama shahidi. Fanyeni nakala mbili, moja kwa kila upande. Na kila kodi inapolipwa, toa stakabadhi, hata ikiwa ni kipande cha karatasi chenye tarehe, kiasi na sahihi. Kumbukeni pia, usitie dole gumba katika karatasi usiyoisoma. Ndiyo sababu mmekuja darasani.

Tukimaliza karatasi, tuingie chumbani. Chumba kizuri kwa mwanafunzi si lazima kiwe na saruji na rangi. Lakini kiwe na mambo haya. Mlango ufungwe kwa komeo la ndani, ili mtoto alale bila hofu. Dirisha lifunguke. Choo kiwe karibu na kiwe na mlango. Pawe na mahali pa kupikia nje ya chumba. Hili la mwisho ni la uhai na kifo. Usiku wa vilima vyetu ni wa baridi, na vijana hupenda kuingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu huilala asijue, na asubuhi hakuamka. Mwenye nyumba, lipige marufuku jiko la mkaa ndani ya chumba. Sema siku ya kwanza, na urudie kila baridi inapozidi.

Tena, usijaze watoto katika chumba kimoja kwa tamaa ya kodi. Na mtoto akiugua, usingoje akuombe. Mpeleke zahanati, kisha umpigie mzazi simu. Mwezi Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulitokea wilayani Biharamulo, ukaua watu. Tulijifunza kwamba homa inayofichwa chumbani ni hatari kwa nyumba nzima na kwa kijiji kizima.

Sasa nasema jambo zito, na naomba akina baba wanisikilize pamoja na akina mama. Msichana wa miaka 15 aliyepanga peke yake hana baba wa kumwuliza alikuwa wapi, wala mama wa kumpa chakula unga ukiisha. Siku unga unapokwisha ndiyo siku mtu mbaya huja na zawadi. Huenda akawa jirani, dereva wa bodaboda, au mpangaji wa chumba cha pili. Huenda akawa mwenye nyumba mwenyewe. Tangu mwaka 2016 sheria yasema hivi: anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari hufungwa miaka 30. Lakini kifungo hakimrudishii mtoto miaka yake. Ni heri kuzuia.

Basi, mwenye nyumba, usichanganye wasichana na wapangaji wanaume katika ua mmoja, hata wakikupa kodi maradufu. Mjue mkuu wa shule, naye akujue. Jioni hesabu watoto wako, kisha wale wa amana. Nawe mzazi, usidhani kazi yako imekwisha kwa kulipa kodi. Peleka unga na maharage kabla havijaisha. Mtembelee mwanao siku usiyomwambia. Na kama msichana amepata mimba, usimfukuze. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu hiyo warudi shuleni baada ya kujifungua.

Kabla ya kuagana, jadilianeni maswali haya. Moja: mwenye nyumba ana vyumba viwili, kila kimoja shilingi 12,000 kwa mwezi; kwa miezi 10 atapata ngapi? Mbili: kodi imechelewa na mzazi hapokei simu, mtafanya nini bila kumtoa mtoto nje usiku? Tatu: katika kitongoji chenu wamo wanafunzi wangapi waliopanga, na ni nani anayejua majina yao?

Swali la tatu msilijibu kwa kubahatisha. Nendeni mkaulize nyumba kwa nyumba, mwandike majina katika daftari, na nakala mpeni mwenyekiti wa kitongoji. Hiyo ndiyo kazi yenu ya wiki hii.