Nyiragongo na Bili Isiyolipwa

Juni 2021 Waziri Mkuu wa Kongo wa wakati huo, Sama Lukonde, alitangaza: waliokimbia Goma kwa mlipuko wa volkano ya Nyiragongo warudi, awamu kwa awamu. Warudi, ndiyo. Ila nani angeusikiliza mlima usiku wa kwanza wa kulala kwao?

Januari 1977 ziwa la lava la Nyiragongo lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja, likafagia vijiji vya mteremkoni. Mwaka 1986 ndipo kilipozaliwa kituo cha volkano cha Goma, OVG, tawi la taasisi ya utafiti ya Lwiro. Januari 2002 lava ikakata mji katikati, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kutumbukia Ziwa Kivu. Wafadhili wakaja. Kisha wakaondoka: msaada wa Benki ya Dunia ulikwisha 2020, na kuanzia Oktoba 2020 hadi Aprili 2021 OVG haikuwa na intaneti ya kupokea vipimo vya mitambo yake milimani.

Bili ya intaneti! Mei 22, 2021 lava ikashuka hadi Buhene, pembezoni mwa Goma, bila onyo, ikaacha vifo zaidi ya thelathini. Wataalamu wanasema Nyiragongo hutoa dalili chache. Mlima wa namna hiyo ndio usiofaa kuachwa hata siku moja bila wa kuusikiliza.

Wiki sita kabla, kisiwani Saint Vincent, Karibea, mambo yalikwenda vingine. Huko volkano ya La Soufrière iliua watu wapatao 1,600 mwaka 1902. Leo inaangaliwa na kituo cha mitetemeko cha Chuo Kikuu cha West Indies, kilichoanzishwa Trinidad mwaka 1953 na kugharimiwa kwa michango ya serikali za visiwa vyenyewe. Desemba 2020 lava ilipoanza kuchomoza, timu ya Profesa Richard Robertson, mwana wa kisiwa hicho, ilihamia huko, ikaongeza mitambo, ikawaeleza watu redioni hali ya mlima. Aprili 8, 2021 serikali ikaamuru watu wahame. Asubuhi yake mlima ukalipuka, na mlipuko haukuua mtu.

Visiwa vidogo vinalipa. Kongo, nchi ya kobalti na shaba, bili haikulipwa.

Basi ilipwe! Kinshasa iilipe, isingoje mfadhili. Wabunge wa Kivu Kaskazini wasipitishe bajeti ya kikao cha Septemba isiyo na fungu la OVG: intaneti, mafuta ya magari, mishahara. Waliokimbilia Sake na waliovuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, wawaulize wabunge hao, mmoja mmoja, kwa jina: bili imelipwa?