Mwana Aliye Mtu Mzima Anapougua Saratani

 

Leo nataka kusema na wazazi. Si wazazi wa watoto wachanga, maana hao husemeshwa mara nyingi. Nasema na mama wa miaka 65 na mzee wa miaka 70, ambao simu imelia, na mwana wao wa miaka 35, waliyemsomesha kwa pesa za chai na ndizi, akawaambia: daktari amesema ni saratani.

Fungueni nami Injili ya Yohana, sura ya 9. Twaijua habari ya yule mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi walipomwona walitaka kujua dhambi ni ya nani, ni yake mwenyewe au ni ya wazazi wake. Angalieni jinsi swali lile lilivyowafikia wazazi upesi. Hata kwetu ni vivyo hivyo. Tena kabla kijiji hakijauliza, mama mwenyewe amekwisha kujiuliza usiku kucha. Je, ni mahari ambayo haikumalizika? Ni laana ya mzee fulani? Nilimlisha nini alipokuwa mdogo? Ni ile chai ya moto niliyompa kila asubuhi?

Kuhusu chai, hebu niseme wazi, maana wengi wananiuliza. Mwaka 2002 madaktari wa hospitali ya Tenwek, hapo kwa jirani zetu wa Bomet, waliandika katika jarida la Lancet kwamba saratani ya umio, yaani njia ya chakula, yawapata hata vijana katika wilaya ile. Na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vikaleta ugonjwa huo. Basi ni vema kuiacha chai ipoe kidogo. Lakini pombe imetajwa, tumbaku imetajwa, na mengine mengi bado yachunguzwa. Hakuna daktari awezaye kukuonyesha kikombe fulani cha mwaka fulani na kusema, ndicho hiki. Kama daktari hawezi, wewe mama wajihukumu kwa ushahidi gani?

Tena liko swali lililo baya zaidi, nalo ni: nani amemroga? Sisi wa Gusii tusijifiche hapa. Mwezi wa Oktoba 2021, kule Marani, umati uliwaua wanawake wanne wazee kwa kuwashuku kuwa ni warogi. Walikuwa wazazi na nyanya za watu. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, jirani ajapo kwako jioni na kukunong'oneza jina la bibi fulani wa ng'ambo ya mto, ujue kwamba amekuletea jambo liwezalo kumwaga damu. Mwambie, mwanangu ana ugonjwa unaojulikana, una jina, na daktari ameuona. Usiende kwa omoragori kutafuta jina jingine. Yesu alipoulizwa lile swali alikataa kulijibu kwa njia waliyoitaka. Hakumtaja mtu yeyote.

Sasa tazameni mstari wa 20 na wa 21. Mafarisayo waliwaita wazazi wa yule kipofu, wakawahoji. Nao wakajibu kwamba huyo ni mwana wao, ndiyo, lakini amekwisha kuwa mtu mzima. Basi aulizwe mwenyewe, ajisemee. Najua walisema hivyo kwa hofu ya kufukuzwa katika sinagogi. Wahubiri wengi tumewalaumu kwa maneno hayo, na ni haki. Hata hivyo nayaona maneno yenyewe kuwa ya kweli, na mzazi wa mgonjwa mzima yafaa ayashike.

Mama mmoja wa upande wa Borabu alipigiwa simu na mwanawe, mwalimu, saa nne asubuhi. Kufikia saa kumi alikuwa amewaambia wajomba, kikundi cha akina mama, na mwenyekiti wa harambee. Alifanya kwa upendo, nani atamlaumu? Lakini yule kijana alikuwa hajamwambia mkewe. Mke alizipata habari kwa shemeji, kwenye simu, akiwa ndani ya matatu. Ilichukua majuma mengi nyumba ile kupatana, na majuma hayo yalikuwa ya kwenda hospitali.

Kwa hiyo muulize kwanza. Muulize, "Mwanangu, wataka nani ajue?" Muulize kama angependa uingie naye kwa daktari au umngojee nje. Ni vigumu, najua. Ulimbeba mgongoni, na leo waambiwa ukae kwenye benchi huku mkewe akiingia. Kaa kwenye benchi. Kukaa pale ni kazi.

Na habari ya shamba. Wazee wangu, mashamba yetu ni vipande vidogo, sote twajua. Nimeona baba akikimbia kutafuta mnunuzi kabla hata matokeo ya kipimo hayajarudi, na wana wengine wakaanza kugombana kwenye bodi ya ardhi wakati ndugu yao yuko kitandani. Kwanza tazameni kama mgonjwa ameandikishwa katika SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na kama michango yake imelipwa. Waulizeni watu wa hospitali ni matibabu yapi yanalipiwa na yapi hayalipiwi. Kisha mwulizeni mgonjwa mwenyewe kuhusu shamba. Huenda akawaambia, msiuze, watoto wangu watalima wapi? Neno hilo ni lake kulisema, na linaumiza kulisikia.

Jambo jingine ni maumivu. Wako wazazi wanaoficha chupa ya morfini ambayo daktari ameitoa, wakidhani kwamba kuitumia ni kukata tamaa, au ni kukosa imani. Sivyo kabisa. Mpeni kama daktari alivyoagiza. Mtu asiye na maumivu huweza kulala, na kuongea, na kuomba.

Mwezi wa Julai 2019 Kenya ilifiwa na watu mashuhuri kwa ugonjwa huu. Bob Collymore wa Safaricom alifariki tarehe 1, Ken Okoth, mbunge wa Kibra, tarehe 26, na gavana wa Bomet, Dk. Joyce Laboso, tarehe 29. Okoth alikuwa ameusema ugonjwa wake hadharani mwenyewe. Alikuwa na miaka 41, na mama yake alikuwa hai. Sikuambii hayo ili kukutisha. Wengine hupona, nami nawajua. Wengine hawaponi, na wazazi wao waliomba kama wewe uombavyo. Nisingekuwa mchungaji wa kweli kama ningekuahidi lipi litakuwa lako.

Wageni hushangaa kusikia kwamba kwa Kigusii "baba" ni mama, naye baba ni "tata". Muuguzi mmoja kutoka Pwani aliniambia kwamba wodini kwake mwanamume wa miaka 40 aliita "baba, baba" usiku mzima. Akatoka kumtafuta mzee, akakuta ajuza ameketi mlangoni na kikapu chake. Akamwingiza, ingawa saa za kuwaona wagonjwa zilikuwa zimepita.

Tuombe. Ee Bwana, uwe pamoja nao walio safarini asubuhi hii, kwenda Kisii, Tenwek, Eldoret na Nairobi, wana na mama zao kiti kimoja. Uwape daktari mwenye subira na habari watakazoweza kuzielewa. Na yule anayengoja simu nyumbani, ukae naye. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.