Stesheni ya Dar es Salaam na Deni Langu



Nimeombwa niseme machache juu ya safari. Mimi ni mtoto wa Kitaji, na sisi watu wa Musoma hatuna reli. Mwaka 2001, nilipochaguliwa kwenda Chuo Kikuu, nilipanda basi hadi Mwanza, nikaingia treni, daraja la tatu. Reli hiyo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora likafika Mwanza mwaka 1928.

Baada ya kulala njiani siku mbili, nilishuka Stesheni asubuhi. Ndugu zangu, watu! Wapagazi, akina mama na madumu yao ya asali ya Tabora, wenye teksi wakigombea mizigo. Nilipopapasa mfuko, fedha hazimo. Nikatoka nje, nikakalia sanduku langu karibu na Mnara wa Saa, ule wa mwaka 1961, Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji. Nikalia, sioni haya kusema.

Bwana mmoja akapita, akaniuliza kwa Kijita natoka wapi. Kumbe naye alisoma hapa hapa, miaka mingi kabla yangu.

"Mdogo wangu, nyanyua sanduku," akasema. "Mji huu hutauona mara ya kwanza kwa machozi."

Tukafuata Mtaa wa Samora mpaka Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Akanieleza kwamba hata jina la Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi hao. Tukateremka hadi makanisa ya Mtakatifu Yosefu na Azania Front, yanayotazama bandari, tukaishia Feri kula samaki wa kukaanga. Kisha akanipandisha daladala, akanitia mkononi fedha za wiki nzima. Nikamwuliza nitamlipaje.

"Mimi usinilipe. Mlipe atakayekuja nyuma yako."

Ndugu Mwenyekiti, bwana huyo ametangulia mbele ya haki. Deni limebaki kwangu, nami nakiri kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini sijalilipa. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda hadi Dodoma, na vijana wetu wengi siku hizi hushuka kwa basi pale Mbezi. Lakini kijana mgeni ni yule yule, na sanduku lake ni lile lile.

Kwa hiyo napendekeza chama chetu kiweke zamu: kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, mwenzetu mmoja aliyeko Dar es Salaam asimame pale, ameshika karatasi yenye jina la shule yetu.

Zamu ya kwanza niandikeni mimi.