Nani Hulinda Mti? Wizi wa Kuni, Mkaa na Magogo katika Ardhi ya Watu Binafsi



Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 imeigawa misitu ya nchi katika mafungu manne: hifadhi za misitu za taifa, hifadhi za misitu za serikali za mitaa, misitu ya vijiji na misitu ya watu binafsi. Fungu la mwisho ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote, ingawa lina watu wengi na wa kila namna. Yumo mkulima wa Mufindi au Njombe aliyepanda misindano kwenye eka mbili ili mtoto akifika sekondari ada isikosekane. Yumo mstaafu wa Dar es Salaam aliyenunua shamba Kisarawe au Mkuranga, akaliacha pori likue huku akiwaza mizinga ya nyuki. Malalamiko yao ni mamoja: wanaingia watu, wanakata, wanaondoka na mali, na ukiuliza kijijini hakuna aliyeona kitu. Ushauri wanaopewa nao ni mmoja: weka uzio, ajiri mlinzi, nenda polisi. Hoja yangu leo ni kwamba ushauri huo umeanzia mwishoni. Mti wa mtu binafsi hulindwa kwanza na jirani, pili na barabara, na mwisho kabisa na polisi. Mwenye ardhi anayemnyima jirani yake kila kitu, hata ukuni mkavu ulioanguka wenyewe, amemfukuza mlinzi wake wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

Tuanze na namna wizi wenyewe unavyofanyika. Mwizi wa simu huondoka nayo mfukoni kabla mwenyewe hajageuza shingo. Mti hauibiki hivyo. Mtazameni mchoma mkaa. Hutumia siku kadhaa kuangusha miti na kuikatakata, hupanga magogo chungu, hufunika kwa majani kisha kwa udongo, huacha tundu la kuwashia na matundu ya moshi, ndipo hutia moto. Tanuru la kawaida huungua wiki nzima au zaidi, na muda wote huo haliachwi peke yake, kwa sababu udongo ukipasuka na hewa ikaingia, jasho lote hugeuka majivu. Lazima awepo mtu, usiku na mchana, wa kuziba nyufa. Moshi huanza mweupe na mzito, na mkaa unapokaribia kuiva huwa mwembamba wenye rangi ya samawati. Kisha tanuru hupozwa, hufukuliwa, magunia hushonwa, baiskeli na pikipiki huja kubeba. Kwa njia hii ya kienyeji kilo 100 za kuni hutoa takriban kilo 10 hadi 20 za mkaa, kwa hiyo magunia machache yana maana ya miti mingi. Mpasuaji mbao naye hana siri kubwa zaidi: msumeno wake wa mnyororo unasikika ng'ambo ya bonde, na nyuma yake huacha kisiki na unga wa mbao. Wizi wa miti, basi, unasikika, unanuka na unaonekana kwa siku nyingi. Kauli kwamba hakuna aliyeona haiwezi kuwa kweli. Wameona, wakanyamaza.

Swali la mtafiti linakuwa: kwa nini wamenyamaza? Wengine wanaogopa kisasi, na wengine wamepata chochote, gunia moja la mkaa au ujira wa kubeba magogo. Sababu ya tatu ndiyo inayotajwa kidogo, nayo ni kinyongo. Pori ambalo mama wa kijiji aliokota kuni humo tangu ujana wake limenunuliwa na mgeni, na siku ya kwanza ya umiliki mpya ameambiwa kwamba akionekana humo ataitwa mwizi. Tangu siku hiyo yeye na mchoma mkaa wamewekwa kundi moja na mwenye ardhi mwenyewe. Hana sababu ya kumtaja mwenzake wa mashtaka. Kinyongo hicho kina gharama nyingine pia. Katika Nyanda za Juu Kusini moto ni miongoni mwa hatari kubwa zinazoukabili msitu wa kupandwa, na moto wa kiangazi hauzimwi na mlinzi mmoja. Huzimwa na kijiji kikitoka na matawi mabichi mikononi, na kijiji hutoka kwa mtu ambaye kina haja naye.

Historia imelipima jambo hili mara nyingi. Uingereza mwaka 1217, Hati ya Misitu iliwapa watu huru haki zao za kutumia misitu ya mfalme, zikiwemo za kuni. Karne tano baadaye, mwaka 1723, Bunge la nchi hiyohiyo lilipitisha sheria iliyojulikana kama Black Act, ambayo kwayo kukata miti iliyopandwa na mtu kungeweza kumpeleka mkosaji kwenye kitanzi. Sheria hiyo ilidumu miaka mia moja, nayo haikufuta wizi wa misitu. Prussia nako, mwaka 1836, kati ya mashtaka 207,478 yaliyofunguliwa, takriban 150,000 yalihusu wizi wa kuni na makosa mengine ya misitu. Nchi ambayo kesi zake karibu tatu katika kila nne ni za kuni haina tatizo la upungufu wa polisi. Ina sheria iliyowageuza raia wake wa vijijini kuwa wahalifu. Baraza la jimbo la Rhine lilipojadili kuibana zaidi sheria hiyo na kuita kuokota kuni kavu wizi, kijana wa miaka 24 aitwaye Karl Marx aliandika mfululizo wa makala katika gazeti la Rheinische Zeitung la Cologne, Oktoba na Novemba 1842. Si lazima mtu akubaliane na aliyoyaandika baadaye maishani ili aone uzito wa hoja yake ya wakati ule: tawi lililokatika lenyewe na mti mbichi uliokatwa kwa shoka ni vitu viwili, na sheria inayokataa kuona tofauti hiyo inaidhoofisha mali inayodai kuilinda, kwa kuwa watu huacha kuiheshimu.

Tofauti hiyo ndiyo ningependa ichukuliwe kama msingi. Wanaoingia katika ardhi ya mtu kutafuta miti ni watu wa namna tatu. Wa kwanza ni mwokota kuni, aghalabu mwanamke au mtoto, anayetoka na mzigo wa kichwani wa matawi makavu kwa ajili ya jiko la siku mbili. Wa pili hukata fito na nguzo za kujengea nyumba au zizi. Huyo anaharibu, lakini anaharibu kwa kiasi na kwa haja inayojulikana. Wa tatu ni mfanyabiashara au kibarua wake, mwenye msumeno, tanuru na gari. Kanuni ya Adhabu inawatosha wote: kuingia kwa jinai ni kosa chini ya kifungu cha 299, na kitu kilichoshikamana na ardhi huhesabiwa kuwa kimeibwa mara kinapotenganishwa nayo kwa nia ya kukiiba. Adhabu ya kawaida ya wizi inaweza kufika miaka 7 jela. Lakini sheria inayoweza kumkamata kila mtu haimlazimishi mwenye ardhi kumshtaki kila mtu. Kwa wa kwanza, ruhusa yenye masharti inafaa kuliko shitaka: siku maalumu za wiki, watu wa vitongoji vinavyojulikana, kuni zilizoanguka tu, bila shoka wala panga. Kwa wa pili, fidia mbele ya serikali ya kijiji, na akirudia, faini. Kwa wa tatu, polisi na mahakama bila kusita. Mpangilio huu una faida moja kubwa ya kiulinzi. Wenye ruhusa wanapojulikana kwa sura na kwa siku zao, mgeni mwenye msumeno anabaki peke yake machoni pa watu, na wale waokota kuni ndio wa kwanza kumwona.

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha katika kitabu chake cha 1990 kwamba jamii zilizotunza malisho, maji na misitu kwa karne nyingi zilikuwa na wasimamizi wanaowajibika kwa watumiaji, na adhabu zinazopanda ngazi kadiri kosa linavyorudiwa. Nyumbani, msitu wa Duru-Haitemba wilayani Babati ulielekea kuisha wakati watu waliamini kwamba serikali inataka kuuchukua uwe hifadhi yake. Katikati ya miaka ya 1990 ulipokabidhiwa kwa vijiji vinavyouzunguka, vijiji hivyo viliweka walinzi wao na sheria ndogo zao, na uvunaji holela ukapungua. Najua nitaambiwa kwamba mifano hii ni ya mali ya pamoja, nami nazungumzia mali ya mtu mmoja. Tofauti hiyo ni ya kweli, na siombi mwenye hati agawe msitu wake. Ninachochukua kwenye mifano hii ni kidogo zaidi: palipo na mali isiyoweza kufichwa na isiyoweza kuzungushiwa ukuta, wanaoweza kuiona kila siku ndio wanaoweza kuilinda, nao hulinda pale tu wanapokuwa na fungu lao.

Jirani hutosha kwa mwokota kuni na mkata fito. Kwa yule wa tatu hatoshi, kwa sababu mali inayobebwa kwa gari inavutwa na soko. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba biashara ya mkaa Tanzania ilikuwa na thamani ya takriban dola milioni 650 kwa mwaka, na kwamba Dar es Salaam pekee ilitumia karibu nusu ya mkaa wote. Kwa upande wa mbao, Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kwenye mto Rufiji mwaka 2003, misitu ya kusini ilisogea karibu na bandari. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilieleza kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ya mbao yaliyostahili kukusanywa na serikali kuu na halmashauri yalipotea, na kwamba kumbukumbu za China zilionyesha mbao zilizotoka Tanzania kuwa mara kumi ya zile zilizoandikwa kwenye kumbukumbu zetu za mauzo ya nje. Gogo linalopita kwenye kizuizi bila hati ya kusafirishia halina tofauti na gogo lililoibwa shambani kwa mtu, maana karatasi ileile ingeonyesha yote mawili. Kwa hiyo mwenye shamba aliyegundua visiki leo asipoteze wiki akitafuta nyayo. Avipime vipenyo, avipige picha, aandikishe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha aulize kwenye vizuizi vya barabara na kwenye mashine ndogo za kupasulia mbao, zile ziitwazo ding-dong, ni nani amepeleka magogo ya kipimo hicho bila kibali.

Pingamizi la kwanza ni la wenye mali: ukiwaruhusu kuokota leo, kesho watakata mti mbichi ili ukauke, waje kuuokota. Ni kweli hila hiyo ipo. Lakini mti uliochunwa gome au kukatwa una alama ya chuma, na tawi lililoanguka halina. Masharti yanayoweza kukaguliwa kwa jicho ni bora kuliko katazo la jumla lisiloweza kutekelezwa. Ruhusa inayoweza kuondolewa kwa kitongoji kizima pia huwafanya waokotaji wenyewe wamkanye mwenzao. Pingamizi la pili linasema dawa ni ukali. Cesare Beccaria alikwisha kulijibu mwaka 1764: kinachomzuia mkosaji ni uhakika wa kukamatwa kuliko ukubwa wa adhabu. Vijijini kuna sababu ya ziada. Shahidi akijua kwamba neno lake litampeleka mama wa watoto gerezani kwa mzigo wa kuni, hatasema neno. Na ukali wa mkono wa mwenye shamba ni hatari zaidi. Raia anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele yake na kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Hana mamlaka ya kumpiga, na akimjeruhi atageuka mshtakiwa.

Pingamizi la tatu linatoka upande wa pili: chanzo ni umaskini, na watu wakipata gesi wizi utakwisha wenyewe. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na ukifanikiwa utapunguza shinikizo la mkaa. Hautagusa mahitaji ya mbao na nguzo. Tena umaskini unaeleza mzigo wa kichwani, haulielezi lori. Na mwenye eka mbili za misindano iliyokatwa ikiwa na miaka minane ni maskini pia, aliyeibiwa akiba yake yote. Pingamizi la nne ndilo zito kuliko yote: mara nyingi anayeitwa mvamizi anaamini kwa dhati kwamba pale ni pao. Sheria yenyewe humkinga mtu mwenye dai la haki la kweli, lisilo la hila. Hapo kesi ya wizi haifai kabla ya mpaka kujulikana. Hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mstari wa minyaa, masale au mkonge uliopandwa mbele ya majirani wakishuhudia, na usuluhishi wa Baraza la Ardhi la Kijiji vinapaswa kutangulia. Mwenye hati asiyejulikana na waliopakana naye amelinda karatasi tu.

Yapo mambo mawili yanayoweza kufanyika bila kusubiri sheria mpya ya Bunge. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inavipa vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo; ziandikwe ngazi tatu nilizozieleza, zikieleza haki za mwokota kuni katika misitu ya watu binafsi wanaoridhia, pamoja na wajibu wa kijiji kutoa taarifa ya tanuru au msumeno usio na kibali. Halmashauri nazo zidai kila mashine ya kupasulia mbao na kila ghala la mkaa liwe na daftari linaloonyesha shamba ambako mzigo umetoka na jina la aliyeuuza. La kwanza litamfanya jirani awe na sababu ya kusema, la pili litaifanya barabara iwe na kumbukumbu. Hayo yakisimama, kesi zitakazofika polisi zitakuwa chache, zenye ushahidi, na za watu wanaostahili kufika huko.