Tarakilishi Mpya Ikikataa Kuwaka

Mada iliyosomwa kwa walimu na wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya kaunti



Kikundi kikichanga pesa, kikanunua vipuri na kujiundia tarakilishi, dakika ngumu zaidi ni ile ya kubonyeza kitufe. Mtambo ukinyamaza, macho yote humgeukia fundi, na fundi asiye na subira hutangaza kuwa ubao mkuu umeungua. Pesa za kikundi hutoka mara ya pili. Lakini katika mtambo mpya, mara nyingi ni waya uliosahauliwa au kipuri ambacho hakikukaa sawasawa.

Kama hakuna feni inayozunguka wala taa, tafuta umeme. Soketi ya ukutani ijaribiwe kwa chaja ya simu. Swichi iliyo nyuma ya kisanduku cha umeme isiwe kwenye sufuri. Plagi pana ya pini 24 isukumwe ndani ya ubao mkuu hadi ikamate. Nyaya za kitufe cha mbele hukosewa sana kwa kuwa pini zake ni ndogo na maandishi yanaumiza macho; yafaa kufungua kitabu cha maelezo, hata kwa fundi mzoefu.

Feni zikizunguka na skrini ibaki giza, huo ni ugonjwa mwingine. Karibu na kichakataji kuna plagi ya pili, ya pini 4 au 8. Bila hiyo feni huzunguka kama kawaida, ndiyo maana husahauliwa. Kebo ya skrini nayo ichomekwe kwenye kadi ya picha, kama ipo, si kwenye ubao. Vichakataji vingi vya Intel ambavyo namba yake inaishia na herufi F havitoi picha bila kadi hiyo. Kisha vijiti vya ramu vitolewe, kirudishwe kimoja tu, kwenye nafasi inayotajwa kitabuni. Ramu za DDR5 huweza kuchukua dakika kadhaa mara ya kwanza, skrini ikiwa giza. Wengi huzima mtambo kabla haujamaliza, wakadhani umekufa.

Bado? Chomoa umeme, toa ubao ndani ya kasha na uuweke juu ya katoni yake. Bakisha kichakataji na feni yake, ramu moja na kisanduku cha umeme, pamoja na kadi ya picha ikiwa ndiyo pekee inayotoa picha. Ukiwaka hapo, huenda kuna kiegemeo cha chuma ndani ya kasha kinachogusa mgongo wa ubao. Rudisha vipuri kimoja kimoja, ukiwasha kila mara na kuchomoa umeme kabla ya kugusa kinachofuata.

Kisanduku cha umeme kisifunguliwe kamwe, hata kikiwa kimechomolewa. Ndani yake hubaki chaji ya kumdhuru mtu.

Kipuri kikithibitika kibovu, kirudishwe dukani na risiti na katoni yake, fundi akieleza alichojaribu. Kabla ya kurudisha ubao, soketi ya kichakataji imulikwe kwa tochi. Pini zikiwa zimepinda, muuzaji huenda akakataa kuupokea.